Bidhaa moja, kurasa mia tano: Nakala ndani ya tovuti zinavyomficha muuzaji kwa wateja wake

Mfanyabiashara anayenunua pilipili manga Mkuyuni, Morogoro Vijijini, na kuiuza kwa njia ya intaneti anaweza kuwa na tovuti yenye kurasa zaidi ya mia tano. Hata hivyo, mteja wa Dar es Salaam au Muscat anapotafuta bidhaa hiyo, huenda akaletewa ukurasa mmoja tu, tena wenye bei ya msimu uliopita. Kurasa nyingine hazijafutwa. Mtambo wa kutafutia habari umeziweka kando kwa sababu zinasema jambo lile lile.

Hali hiyo imezaa biashara ya pembeni. Wapo mafundi wanaomwambia mwenye tovuti kwamba amepigwa "adhabu ya nakala", kisha wanamtoza fedha ili waiondoe. Wapo pia wauzaji wa tovuti wanaopanga bei kwa kuhesabu kurasa, kama mtu anayeuza shamba kwa kuhesabu miche bila kuangalia ni mingapi inayozaa. Wote wawili hutegemea mnunuzi asiyejua mitambo hiyo inavyofanya kazi. Kwa mfanyabiashara mdogo na kwa mwekezaji anayeombwa fedha za kuanzisha duka la intaneti, kulielewa jambo hili ni sehemu ya kulinda mtaji.

MKUYUNI NA SOKO LA MBALI

Mkuyuni iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka kwenda Matombo na Kisaki. Ukanda huo unajulikana kwa ndizi, machungwa, nazi na viungo, hasa pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki. Kwa desturi mazao hayo hupita mikononi mwa wachuuzi na madalali hadi Morogoro mjini, kisha Kariakoo, na kila mkono huchukua chake.

Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Leo mnunuzi wa kifurushi cha kilo moja na mnunuzi wa gunia zima wote huanza kwa kuandika maneno machache kwenye simu, kama vile "pilipili manga Morogoro" au "mdalasini wa Uluguru". Anayetokea juu katika majibu ndiye anayepigiwa simu. Anayetokea na ukurasa usio sahihi hupigiwa pia, lakini mazungumzo huishia kwenye ubishi wa bei.

Hapa inafaa kutenganisha maneno. Kwa mkulima wa Uluguru viungo ni mazao. Kwa fundi wa tovuti, viungo ni zile njia za kubofya zinazotoa ukurasa mmoja kwenda mwingine. Ili kuepusha mkanganyiko, katika maelezo yanayofuata njia hizo zinaitwa viunganishi.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Mitambo kama Google na Bing hufanya kazi kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kutembelea. Programu maalumu, ambazo mafundi huziita roboti, hufuata viunganishi kutoka ukurasa hadi ukurasa na kusoma kila kinachopatikana. Ya pili ni kuorodhesha, ambapo kilichosomwa huchambuliwa na kuandikwa katika daftari kubwa la mtambo. Ya tatu ni kupanga majibu: mtu anapouliza, mtambo hauendi kutafuta kwenye tovuti wakati huo, bali hufungua daftari lake na kuchagua kurasa zinazofaa.

Nakala hushughulikiwa zaidi katika hatua ya pili. Mtambo ukikuta kurasa kadhaa zinazofanana, huziweka katika kundi moja na kuchagua mmoja uwe mwakilishi. Huo ndio unaopewa nafasi ya kuonekana katika majibu, na nyingine hukaa nyuma yake. Sababu ni rahisi kuielewa. Mtu anayetafuta pilipili manga hataki majibu kumi yanayompeleka kwenye meza ile ile ya muuzaji yule yule.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa mtambo ukurasa hutambuliwa kwa anwani yake. Binadamu akiona picha ile ile na maelezo yale yale husema huu ni ukurasa mmoja. Roboti ikikuta anwani mbili zinazotofautiana hata kwa herufi moja huzihesabu kuwa kurasa mbili, mpaka itakapozisoma zote na kuthibitisha kuwa ni pacha.

NAKALA HUZALIWAJE

Ni mara chache mwenye duka hukaa chini na kunakili kurasa zake kwa makusudi. Nakala nyingi huzaliwa na programu inayoendesha tovuti, na mwenyewe hana habari.

Chanzo cha kwanza ni aina za anwani. Tovuti moja inaweza kufunguka ikiandikwa na www au bila www, na ikiandikwa kwa http ya zamani au https yenye usalama zaidi. Hizo tayari ni anwani nne kwa kila ukurasa.

Chanzo cha pili ni vipimo. Pilipili ile ile huuzwa katika pakiti za gramu 50, gramu 100, gramu 500 na kilo moja, na programu hutengeneza ukurasa kwa kila kipimo. Maelezo hayabadiliki, isipokuwa tarakimu moja.

Chanzo cha tatu ni makundi ya bidhaa. Pilipili hiyo huwekwa chini ya "Viungo vyote", tena chini ya "Mazao ya Uluguru", na tena chini ya "Bidhaa mpya". Kila njia hutoa anwani yake.

Hesabu yake inashtua. Chukua duka lenye bidhaa 12 tu. Kila bidhaa ina vipimo 4, kwa hiyo kurasa ni 48. Kila ukurasa unafikika kwa njia 3 za makundi, kwa hiyo anwani zinakuwa 144. Kila moja ina aina 4 za uandishi, na jumla inafikia 576. Roboti inayopita katika duka hilo inaweza kukutana na anwani 576, wakati bidhaa ni zile zile 12 alizonazo mwenye duka katika ghala lake.

Vipo vyanzo vingine. Vitufe vya kupanga bidhaa kwa bei au kwa tarehe huongeza alama ya kuuliza na maneno mengine mwishoni mwa anwani. Kurasa za kuchapisha kwenye karatasi hurudia maelezo yote. Tovuti ya majaribio, ambayo fundi aliitumia wakati wa ujenzi akasahau kuifunga, huendelea kusomwa na roboti pamoja na bei za mfano zilizowekwa humo.

MAKUTI YA ALTAVISTA

Tatizo hili ni la zamani kuliko Google yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1998. Mtambo wa AltaVista ulifunguliwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani Desemba 1995. Mwaka 1997 mtafiti Andrei Broder na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza kurasa milioni 30 zilizokusanywa na mtambo huo. Walikuta makundi milioni 3.6 ya kurasa zinazofanana, yenye jumla ya kurasa milioni 12.3. Kwa maneno mengine, hata wakati huo kurasa 4 katika kila 10 zilikuwa na mwenzake wa kufanana naye.

Njia waliyoitumia inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba ikiezekwa kwa makuti. Kuti moja hulalia sehemu ya lililo chini yake, na hilo hulalia sehemu ya lingine. Vivyo hivyo maandishi ya ukurasa hukatwa vipande vinavyopandiana. Sentensi "Pilipili manga kavu ya Mkuyuni" ikikatwa kwa maneno matatu matatu hutoa "pilipili manga kavu", kisha "manga kavu ya", kisha "kavu ya Mkuyuni". Broder na wenzake walitumia vipande vya maneno kumi. Kurasa mbili zenye vipande vingi vya pamoja huhesabiwa kuwa zinafanana, hata kama kichwa cha habari kimebadilishwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Google, Gurmeet Singh Manku na Arvind Jain, pamoja na Anish Das Sarma, walieleza njia iliyojaribiwa kwa kurasa bilioni 8. Kila ukurasa hupewa alama fupi ya tarakimu 64 za sifuri na moja, mfano wa alama ya kidole. Kurasa mbili ambazo alama zake zinatofautiana kwa tarakimu zisizozidi 3 huhesabiwa kuwa karibu ni nakala. Msingi wa njia hiyo ulikuwa umewekwa na Moses Charikar mwaka 2002.

Funzo kwa mwenye duka ni kwamba hila ya kubadilisha maneno mawili matatu haifui dafu. Ukurasa wa gramu 50 na ule wa gramu 100, unaotofautiana kwa tarakimu tu, una kila dalili ya kuwekwa katika kundi moja.

ADHABU ISIYOKUWEPO

Je, ni kweli kwamba tovuti yenye nakala huadhibiwa? Google ilitoa maelezo ya wazi Septemba 2008 kwamba hakuna adhabu ya nakala kwa maana ambayo watu wengi huifikiria. Desemba 2013 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha kupambana na hila katika majibu ya Google, alieleza kuwa kati ya asilimia 25 na 30 ya maandishi yote ya intaneti ni nakala, na kwamba hiyo ni hali ya kawaida. Kama kila nakala ingeadhibiwa, karibu theluthi moja ya intaneti ingefungiwa nje.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeambiwa alipe ili "adhabu ya nakala" iondolewe anapaswa kuuliza swali moja: adhabu hiyo imeandikwa wapi? Google inapochukua hatua ya mkono dhidi ya tovuti, taarifa huwekwa katika Google Search Console, huduma ya bure ambayo mwenye tovuti huifungua mwenyewe. Asipokuta taarifa hiyo hapo, hakuna hatua ya aina hiyo iliyochukuliwa, na anaombwa fedha za kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Hata hivyo, si kila urudiaji unavumiliwa. Februari 2011 Google ilianza kutumia mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Panda, ambayo iliyaeleza kuwa yaligusa asilimia 11.8 ya maulizo nchini Marekani. Yalilenga tovuti zenye maandishi hafifu au yaliyonakiliwa kutoka kwa wengine. Aidha, kanuni zake zinakataza kurasa za mtego, yaani kurasa nyingi zilizotengenezwa ili kukamata maulizo mbalimbali na kumpeleka mtu mahali pale pale. Muuzaji anayeandika ukurasa wa "Pilipili manga Mkuyuni", akaunakili kwa "Pilipili manga Kinole", "Pilipili manga Tawa" na "Pilipili manga Matombo" akibadilisha jina la mahali tu, wakati mzigo wote unatoka katika ghala moja, anakaribia mpaka huo. Hapo si programu iliyokosea, ni yeye aliyekusudia.

HASARA IKO WAPI

Kama adhabu haipo, hasara inatoka wapi? Ipo katika sehemu tatu.

Kwanza, mwakilishi anaweza kuwa ukurasa usiotakiwa. Mtambo huchagua kwa dalili unazoziona, na uchaguzi wake si lazima ulingane na wa mwenye duka. Ukichaguliwa ukurasa wa kuchapisha usio na kitufe cha kununua, au ule wa tovuti ya majaribio wenye bei ya zamani, mteja anaingia kwa mlango wa uani. Kwa bidhaa ambayo bei yake hupanda na kushuka kwa msimu, kama karafuu au pilipili manga, bei ya zamani mbele ya mteja huvunja uaminifu kabla biashara haijaanza.

Pili, nguvu hugawanyika. Tovuti nyingine zinapoweka viunganishi kuelekea ukurasa fulani, mtambo huvichukua kama ushahidi kwamba ukurasa huo una maana. Iwapo hoteli moja imeelekeza wateja kwenye anwani yenye www na mwandishi wa mapishi ameelekeza kwenye anwani isiyo na www, ushahidi umegawanyika. Mtambo hujitahidi kuukusanya kwa mwakilishi wa kundi, lakini kazi hiyo hufanikiwa pale unapotambua kwa uhakika kuwa kurasa hizo ni pacha.

Tatu, roboti hupoteza muda. Januari 2017 Google ilieleza kwamba kila tovuti ina kiasi ambacho roboti iko tayari kukitembelea, na kwamba anwani zisizo na thamani, zikiwemo nakala, hula kiasi hicho. Hapa lakini inafaa kusema kweli. Maelezo hayo hayo yalisema tovuti yenye anwani zisizofikia elfu chache kwa kawaida hutembelewa bila shida. Duka la bidhaa 12, hata likiwa na anwani 576, haliko katika hatari hiyo. Fundi anayemtisha mwenye duka dogo kwa hoja hii anamuuzia mwavuli wakati wa kiangazi.

HESABU YA MWEKEZAJI

Kwa anayetaka kununua hisa katika duka la intaneti, au kulinunua lote, idadi ya kurasa haimwambii kitu. Muuzaji anaweza kutamba kuwa tovuti yake ina kurasa 576, wakati zinazoweza kuleta mteja ni 12. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayopaswa kukaguliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mtaalamu. Mwekezaji amwombe muuzaji afungue Google Search Console mbele yake na kuonyesha ripoti ya kurasa. Ripoti hiyo hutaja kurasa zilizoorodheshwa na zile zilizoachwa, pamoja na sababu, ikiwemo kwamba ukurasa ni nakala ya mwingine. Namba ya zilizoachwa ikiwa kubwa si ushahidi wa ulaghai, kwa kuwa maduka mengi huwa hivyo. Lakini muuzaji anayedai bei ya kurasa 576 ajibu kwa nini mtambo umezikubali 12.

Njia nyepesi zaidi ni kuandika katika Google neno site, nukta mbili na jina la tovuti bila kuacha nafasi. Majibu yatakayotokea ni kurasa za tovuti hiyo zilizomo katika daftari. Jumla itakayoonyeshwa ni makadirio tu na haifai kuandikwa katika mkataba, ila inatosha kuonyesha kama kinachojitokeza ni bidhaa au ni takataka za vitufe vya kupangia.

DAWA NA MPANGILIO WAKE

Hatua ya kwanza haihusu kompyuta. Mwenye duka aamue kila bidhaa itakuwa na anwani ipi moja, aiandike kwenye daftari, na aishike. Mfano wake ni wa sokoni. Mwenye debe moja la pilipili akiligawa katika meza nne, kila meza huonekana ina mzigo haba, na mteja aliyeambiwa amfuate meza ya kwanza humkosa akiwa meza ya tatu. Akiliweka lote katika meza moja, mzigo unaonekana na mahali panajulikana.

Hatua ya pili ni kuelekeza. Anwani za zamani zipelekwe kwenye anwani iliyochaguliwa kwa amri ya kudumu, ambayo mafundi huijua kwa namba 301. Mteja na roboti wakigonga mlango wa zamani hupelekwa moja kwa moja kwenye mlango mpya. Hii ndiyo dawa ya www na isiyo na www, na ya http na https. Tangu Desemba 2015 Google imetangaza kwamba huipendelea anwani ya https pale ambapo zote mbili zina maandishi yale yale.

Hatua ya tatu ni alama ya anwani kuu, ambayo mafundi huiita kanonikali. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja Februari 2009. Ni mstari mmoja unaowekwa ndani ya ukurasa pacha, usioonekana kwa msomaji, ukiuambia mtambo kwamba ukurasa mkuu ni ule. Huu unafaa pale ambapo kurasa pacha lazima zibaki, kama za vipimo vya gramu 50 na gramu 100. Ieleweke kwamba alama hiyo ni ushauri kwa mtambo, si amri. Mwenye duka akiweka alama inayoelekeza huku, na viunganishi vya duka lake mwenyewe vikielekeza kule, mtambo unaweza kuipuuza.

Hatua ya nne ni kuwa na kauli moja. Orodha ya bidhaa, vitufe vya duka, vipeperushi, matangazo ya WhatsApp na ramani ya tovuti inayokabidhiwa kwa Google vyote vitaje anwani ile ile.

Yapo makosa mawili yanayofanywa mara kwa mara kwa nia njema. La kwanza ni kuzifungia roboti nje ya kurasa pacha kwa faili la robots.txt. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kusoma alama ya anwani kuu iliyoko ndani, kwa hiyo haitajua kwamba ukurasa huo ni pacha wa mwingine. La pili ni kutumia ushauri uliopitwa na wakati. Kifaa cha Google kilichomwezesha mwenye tovuti kutaja maneno ya kupuuzwa mwishoni mwa anwani kilifungwa Aprili 2022. Fundi anayetoza fedha kwa kukirekebisha hana kifaa cha kurekebisha.

KISWAHILI NA KIINGEREZA

Wauzaji wengi wenye ukurasa wa Kiswahili kwa wateja wa Dar es Salaam na wa Kiingereza kwa wa nje huhofia kuwa wanatengeneza nakala. Hofu hiyo haina msingi. Tafsiri halisi si nakala, kwa sababu maneno yake ni mengine na msomaji wake ni mwingine. Google ilianzisha alama ya lugha Desemba 2011, na kazi yake ni kuonyesha kwamba ukurasa huu wa Kiswahili na ule wa Kiingereza ni wa bidhaa moja kwa wasomaji wawili. Kosa ni kubadilisha vichwa vya kurasa na vitufe kuwa Kiswahili huku maelezo ya bidhaa yakibaki Kiingereza pande zote mbili. Hapo mtambo utaona maandishi yale yale, na utakuwa sahihi.

Vivyo hivyo, hakuna ubaya kurudia namba ya simu, masharti ya usafirishaji na njia za malipo chini ya kila ukurasa. Mitambo imezoea kuona maelezo ya namna hiyo katika tovuti zote na huyapa uzito mdogo.

TAARIFA ZA BEI ZA KILA WIKI

Wapo wafanyabiashara wanaotoa bei za wiki katika tovuti zao, jambo linalosifiwa na wanunuzi. Lakini taarifa zikiwa na maneno yale yale kila wiki, na namba moja tu ikibadilika, baada ya mwaka mmoja duka linakuwa na kurasa 52 zinazokaribia kuwa pacha. Zinaweza kuwekwa katika kundi moja, na hakuna uhakika kuwa mwakilishi atakuwa wa wiki hii.

Suluhisho ni kuwa na ukurasa mmoja wa bei wenye anwani isiyobadilika, unaosahihishwa kila wiki na kutaja tarehe, huku bei za nyuma zikiwekwa katika jedwali chini yake. Anayetaka ukurasa mpya kila wiki aandike habari mpya kweli: mvua imeathiri ukaushaji namna gani, barabara ya Matombo inapitika au la, mzigo uliofika Kariakoo ni wa daraja gani. Habari hizo hazipatikani kwingine, na ndizo zinazomfanya mnunuzi arudi.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa bidhaa zenyewe. Kama mdalasini wa Kinole una tofauti na wa Mkuyuni, tofauti hiyo ielezwe: urefu wa miinuko, jinsi magome yanavyokaushwa, unene, harufu, msimu. Kurasa mbili zitakuwa na haki ya kuwepo. Kama hakuna tofauti anayoweza kuieleza muuzaji mwenyewe, mtambo hautaiona, na mteja hali kadhalika.

Mabadiliko hayaonekani kwa siku moja. Roboti inapaswa kurudi, kusoma upya na kupanga makundi upya, kazi inayoweza kuchukua siku au majuma kadhaa. Anayepanga kuuza mavuno ya msimu ujao kwa njia ya intaneti anashauriwa kusafisha anwani zake kabla magunia hayajashuka kutoka milimani. Mnunuzi ataonyeshwa ukurasa mmoja vyovyote iwavyo, na ni juu ya mwenye duka kuhakikisha ukurasa huo ndio wenye bei ya leo.